Ule utando wa kijani Kirumba

Kaka, umeuliza kama ule utando wa kijani pale Mwaloni, ufukweni mwa Ziwa Victoria jijini Mwanza, ni mwani. Tumezoea kuuita hivyo, ila kwa kawaida ni sianobakteria, hasa Microcystis. Seli zake hazina kiini, kwa hiyo zimewekwa upande wa bakteria. Seli moja huioni kwa macho. Inajigawa mbili, nazo zinajigawa tena, zote zikibaki zimeshikana kwenye ute mpaka unaona vipunje vya kijani. Ndani zina vifuko vya gesi, ndiyo maana ziwa likitulia zinaelea juu, halafu upepo unazirundika ufukweni. Mbolea na maji taka ndivyo vinavyozinenepesha. Na usidanganyike, kuchemsha maji hakuondoi sumu yake inayodhuru ini. Hata mbwa asiyanywe.