Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Narudia Riwaya za Zamani

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, nakujibu swali lako la mwezi uliopita. Uliuliza ninasoma nini siku hizi, na kwa nini narudia riwaya ambazo mwisho wake naujua tangu ujana. Sehemu ya kwanza ni nyepesi. Nimemaliza kusoma tena Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, na Yasmin, aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa mwanamume wa makamo, amenisikitisha na kunichekesha kama kawaida yake. Kisha nikaichukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, na hiyo ndiyo iliyonichelewesha kukujibu.

Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni, nasi tuliosikia sifa hiyo tukaitafuta kwa bidii ambayo hatukuwahi kuionyesha kwa kitabu chochote cha kiada. Nilikuwa kijana, kwa hiyo nilisoma nikiwa upande wa Rosa tangu ukurasa wa kwanza. Zakaria, baba yake mlevi anayemchunga kwa ukali asiweze hata kuzoeana na wavulana, nilimchukia kiasi kwamba sikuona haja ya kumwelewa. Safari hii, nilipofika pale Rosa anapopigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, niliweka kitabu chini. Sikumtetea Zakaria, na hata leo simtetei, lakini hofu yake niliitambua kama mtu anavyotambua koti lake mwenyewe limevaliwa na mwingine.

Unaikumbuka barua yako? Ulikuwa na miaka 16. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia habari ile mbele ya ndugu kama kichekesho: kwamba barua ya yule kijana ilinifikia bahasha ikiwa tayari imefunguka, nikaisoma kwa bahati mbaya, nawe ukanuna siku mbili tatu. Nimeisimulia mara nyingi hadi nikaiamini. Siku ile, kitabu kikiwa magotini, nilikumbuka kidole changu kikipita chini ya ukingo wa bahasha, polepole, nikijaribu gundi isichanike ili niweze kuirudishia. Nikakumbuka pia kwamba aliyenuna ni mimi, na haikuwa siku mbili tatu. Sikukupiga, na nadhani hilo ndilo lililoniruhusu muda wote huu nijihesabu kuwa baba wa aina nyingine kabisa.

Mwanasaikolojia Mwingereza, Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza jinsi alivyowapa watu wa kwao ngano ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome, kisha akawataka waisimulie tena na tena baada ya muda kupita. Mitumbwi ikageuka mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na mambo ambayo hawakuyaelewa yakadondoka. Kila msimulizi aliisogeza hadithi karibu na mambo aliyoyazoea. Kwangu mimi bahasha iliyofungwa iligeuka ikawa wazi, wala hapakuhitajika mtaalamu wa kunipima.

Ndiyo maana narudia, mwanangu. Riwaya mpya hunivuta kwa kamba ya tukio: nataka kujua nani atapona, nani atasalitiwa, na katika haraka hiyo nawapita watu waliosimama pembeni. Nikiujua mwisho, sina pa kukimbilia, hivyo nakaa na mtu kama Zakaria mpaka aniudhi vizuri. Isitoshe, maneno ya kitabu hubaki yalivyochapishwa, wakati ya kwangu nayafanyia marekebisho kila ninapoyasimulia. (Mama yako anasema amekuwa akilisema hilo bila kusoma riwaya yoyote.)

Jambo moja limebaki. Ulipoidai barua yako nilikwambia nimeichoma. Sikuichoma. Imo ndani ya kamusi yangu kubwa, na sikuvuka mstari wa nne, kwa sababu hapo kijana alianza kukusifia hesabu na nikaona aibu kuendelea. Nimeitia katika bahasha hii. Gundi, kama utakavyoona, haikushika tena.

Ni mimi,
Baba yako