Maswali ya Wasomaji: Cheni Mpya Inaruka Kwenye Gia za Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msambazaji wa maziwa. Kila asubuhi natoka Kisesa kuja mjini Mwanza kwa baiskeli ya mtumba kutoka Japani niliyoinunua mwaka jana, yenye gia tatu mbele na saba nyuma. Cheni ilikatika nikiwa Igoma, na fundi wa kando ya barabara akanifungia cheni ya Phoenix kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Ikawa inakwaruza na inakataa kuhamia gia nyingine. Nikanunua cheni nyembamba, mpya kabisa, nikidhani tatizo limekwisha. Sasa nikiwa katika gia kubwa ya nyuma mambo ni mazuri, lakini nikirudi kwenye gia ndogo ambazo ndizo ninazozitumia sana, nikakandamiza pedali nikiwa na madumu mawili ya lita 20, cheni inaruka kwa kishindo na mara mbili nusura nianguke na maziwa ya watu. Je, nimeuziwa cheni mbovu?
Msambaza maziwa, Kisesa.

JIBU: Ndugu yetu wa Kisesa, pole sana, na tafadhali usipande tena mlima na mzigo huo kabla ya kurekebisha, kwa sababu cheni inayoruka wakati umesimama juu ya pedali humwangusha mtu mbele ya magari. Cheni uliyouziwa huenda ni nzima kabisa. Kilichochoka ni gia, na dalili umeitaja mwenyewe: gia kubwa ambayo huitumii sana inashika vizuri, na zile ndogo unazozitumia kila siku ndizo zinazoachia.

Sababu yake ni hii. Tunazoea kusema kwamba cheni imevutika, lakini chuma chake hakivutiki. Kinachotokea ni kwamba kila pini inalika kidogo pale inapozunguka ndani ya tundu lake, na kwa kuwa cheni nzima ina pini zaidi ya mia moja, ule ulaji mdogo wa kila pini unajumlishwa na cheni inarefuka. Cheni iliyorefuka haikai tena katikati ya bonde la jino, bali inapanda na kusukuma karibu na ncha, na kidogo kidogo inalichonga jino mpaka lifanane nayo. Cheni na gia hizo huzeeka pamoja, zikaendelea kuelewana hata zikiwa zimechakaa. Ukileta cheni mpya, ambayo umbali wa pini hadi pini ni nusu inchi kamili, inakutana na meno yaliyochongwa kwa kipimo kingine, inashindwa kuzama, na ukiikandamiza inapanda juu ya jino na kuruka. Vua gurudumu la nyuma, futa mafuta kwa kitambaa, kisha utazame gia ndogo kwa ubavu kwenye mwanga wa jua. Jino zima lina mabega mawili yanayolingana. Jino lililolika limechimbika upande mmoja na ncha yake imelala, kama ndoana ya kuvulia sangara. Usitegemee macho peke yake, hata hivyo, kwa sababu kuna friwili nyingi (yaani mafungu ya gia za nyuma) ambazo meno yake yanaonekana mazuri na bado cheni mpya inaruka. Jaribio la kweli ni lile ulilolifanya bila kukusudia, yaani cheni mpya chini ya mzigo.

Kama bado unayo ile cheni iliyokatika, ipime, kwa kuwa itakueleza historia ya baiskeli yako. Chukua futi ya chuma ya seremala yenye alama za inchi, inyooshe cheni mezani, weka katikati ya pini moja kwenye sifuri, kisha hesabu pini 24 zinazofuata. Katika cheni mpya, pini ya 24 inakaa juu ya alama ya inchi 12 barabara. Ikiwa imezidi kwa 1/16 ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, cheni ilistahili kubadilishwa wakati huo, na kwa kawaida gia zingekuwa bado zimesalimika. Ikiwa imezidi kwa 1/8 ya inchi, yaani milimita tatu, basi imekwisha kula gia za nyuma, na hakuna cheni mpya itakayozifaa. Ningependa kila anayeishi kwa baiskeli afanye kipimo hiki kila baada ya miezi michache, kwani cheni moja inayobadilishwa mapema huokoa gia ambazo bei yake ni kubwa kuliko ya cheni, na wengi wetu hufika kwa fundi siku inapokatika.

Kuhusu ile cheni ya Phoenix, fundi alikusaidia ufike nyumbani, lakini haikuwa mahali pake. Urefu wa pingili ni uleule wa nusu inchi, ndiyo maana iliingia kwenye meno. Tofauti ni upana. Baiskeli za gia moja kama Phoenix, Hero na Avon hutumia cheni yenye nafasi ya ndani ya 1/8 ya inchi, na baiskeli za gia nyingi kama yako hutumia ya 3/32 ya inchi. Katika friwili ya gia saba, kutoka katikati ya gia moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 5 hivi, kwa hiyo cheni nene inagusa gia ya pembeni na ndiyo hiyo kelele uliyoisikia. Kwako wewe tafuta cheni iliyoandikwa kwamba ni ya gia 6, 7 na 8. Hizo tatu hutumia cheni moja, yenye upana wa nje wa milimita 7 na kitu. Cheni za gia 9, 10 na 11 zinazidi kuwa nyembamba, kutoka milimita 6.6 hivi hadi 5.5, na hakuna sababu ya kuzilipia katika baiskeli ya gia saba. Na namba hizo, tafadhali, zihesabu nyuma tu. Muuzaji akikuuliza baiskeli ina gia ngapi, usimwambie 21. Mwambie saba nyuma.

Sasa ununuzi wa gia zenyewe, ambapo watu wengi hupoteza fedha. Kuna aina mbili ambazo kwa mbali zinafanana: friwili inayojifunga kwa nyuzi, kama za parafujo, kwenye habu (kitovu cha gurudumu), ambayo ina utaratibu wa kuzunguka ndani yake, na seti ya gia inayoteleza juu ya mifereji ya habu na kubanwa kwa nati ya duara. Hazibadilishani. Ili kuzitofautisha, vua gurudumu, tazama palipo na meno madogo ya kuingizia kifaa cha kufungulia karibu na ekseli, kisha zungusha gia kinyumenyume. Meno hayo yakizunguka pamoja na gia, ni seti ya kuteleza. Yakibaki yametulia huku gia zikizunguka, ni friwili ya nyuzi. Baiskeli nyingi za Japani za gia sita au saba zinazofika kwetu zina friwili ya nyuzi, lakini hakikisha ya kwako kabla ya kwenda dukani, au bora zaidi, nenda na gurudumu lenyewe.

Friwili hujikaza kila unapokanyaga pedali, na baada ya miaka ya kubeba mizigo inashika kama imechomelewa. Nimeona habu nzuri zikipasuliwa kwa patasi na nyundo, na mwenye baiskeli akalazimika kununua gurudumu zima. Inahitajika spana maalumu inayoingia kwenye yale meno madogo, ikabanwa kwenye jiliwa, halafu gurudumu lote likazungushwa kinyume na saa kama unageuza usukani. Fundi asiye na kifaa hicho mwache kwa heshima utafute mwingine. Friwili mpya ipakwe grisi kwenye nyuzi na ianze kuingia kwa mkono bila nguvu. Ikikwama baada ya mzunguko mmoja, itoe uanze upya, kwa maana nyuzi za habu ya aluminiamu zikiharibika hazirudi.

Hesabu pia nafasi za kibadilishio cha gia kwenye usukani. Kama kina nafasi saba, yaani kinabofya mara sita kutoka mwanzo hadi mwisho, nunua friwili ya gia saba, si sita wala nane, kwa sababu kila hatua inavuta waya kwa kipimo cha friwili hiyo. Kwa mtu wa mizigo ningechagua yenye meno 14 hadi 28. Gia ikiwa kubwa zaidi ya hapo, hakikisha kwanza kwamba mkono wa gia, ule wenye vigurudumu viwili unaoning'inia nyuma, unaweza kuifikia.

Urefu wa cheni usiupime kwa kuilaza mpya kando ya ile ya zamani, kwani ya zamani imerefuka; hesabu pingili. Kama huna ya kuhesabia, pitisha cheni kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, tazama inapokutana, kisha ongeza pingili mbili, yaani inchi moja. Cheni fupi kuliko hapo siku moja itang'oa mkono wa gia. Gia za mbele ziache kwanza. Ukibadilisha za nyuma na bado cheni inanata chini ya gia ya mbele na kuvutwa juu badala ya kuachia, hapo ndipo na hiyo ya mbele itakuwa imekwisha.

SWALI: Baiskeli yangu ni Phoenix ya gia moja. Cheni inachomoka kila mara, na ekseli nimeirudisha nyuma hadi mwisho wa nafasi yake. Rafiki anasema nipunguze pingili. Je, ni sahihi?
Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Kupunguza pingili mbili kutaleta gurudumu mbele kwa nusu inchi hivi na cheni itakaza, lakini meno yataendelea kuliwa. Ipime kwanza kama tulivyoeleza. Cheni ya pingili 112 ambayo pini ya 24 imezidi kwa 1/8 ya inchi huwa imerefuka kwa zaidi ya nusu inchi yote kwa jumla. Hiyo si ya kufupishwa, ni ya kutupwa, pamoja na gia ya nyuma ikiwa imechongeka. Ukifunga mpya, acha icheze sentimita moja hivi juu na chini katikati, ukiipima pale inapokaza zaidi unapozungusha pedali. Na kwa kuwa uko kwenye mchanga wa ufukweni, futa mafuta ya juu baada ya kupaka. Mafuta yanatakiwa ndani ya pini; yale ya nje hukusanya mchanga, na mchanga wenye mafuta husaga chuma kama msasa.

SWALI: Baiskeli yangu ya Japani ina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu. Je, nikitaka kubadilisha cheni na gia ya nyuma, habu lazima ifunguliwe?
Mwanafunzi, Nyegezi.

JIBU: Hapana. Gia ya nje ni moja tu, imeshikwa na pete ya waya inayotolewa kwa bisibisi bapa. Cheni ya 1/8 itafaa hata kama meno ni membamba, kwa kuwa hapa hakuna gia ya jirani ya kuguswa. Ile ya 3/32 haitaingia kwenye meno manene. Ukirudisha gurudumu, weka kibadilishio kwenye gia ya pili, kisha urekebishe waya mpaka alama mbili zilizo kwenye kifaa cha mwisho wa ekseli zilingane.