Mwanangu Halii Ninapoondoka: Je, Amemhamia Yaya?

SWALI: Mimi ni mama wa mtoto wa miezi 13, nami hufanya kazi katika shamba la maua. Hutoka alfajiri nikimwacha na yaya, naye halii hata kidogo. Jioni nikirudi hunitazama, akatabasamu, kisha akaendelea kucheza. Jirani anasema mtoto amemhamia yaya. Wanasaikolojia hulipimaje jambo hili? – Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Mama, jirani yako anatazama saa isiyofaa. Wataalamu hawahesabu machozi ya kuagana. Wanachokichunguza zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mlezi wake anaporejea.

Kipimo kinachojulikana zaidi kilibuniwa na mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye alikuwa amefanya kazi jijini London na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili aliyeanzisha nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake. Watu wengi husahau kwamba utafiti wake wa kwanza kuhusu jambo hili aliufanya kwa majirani zetu: mwaka 1954 na 1955 alizitembelea mara kwa mara familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga na mama zao majumbani mwao. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, alitayarisha chumba chenye vichezeo ambamo mtoto wa takriban mwaka mmoja huingia na mama yake, mtu asiyemjua akawakuta humo, mama akatoka na kurudi mara mbili, kila hatua ikichukua dakika 3 hivi, au pungufu mtoto akilia sana. Mtoto mwenye uhusiano salama, awe alilia au hakulia, humlaki mama, akatulia, akarudia mchezo. Mwingine humkwepa kwa kugeuza uso, na hapo pana la ajabu, kwani watafiti walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hii waliyakuta yakienda mbio ingawa nyuso zao zilikuwa tulivu. Wa tatu hung'ang'ania mama huku akimsukuma. Kundi la nne, la watoto wasio na mwenendo unaoeleweka, liliongezwa baadaye na Mary Main na Judith Solomon.

Chumba hicho, hata hivyo, hakiwezi kuhamishwa kila mahali kama kilivyo. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, waliochapisha utafiti wao mwaka 1986, walichunguza watoto wa Wagusii wa hapa Kenya, ambao hulelewa na mama pamoja na omoreri, yaani mtoto mkubwa aliyekabidhiwa kumbeba mdogo. Huko mtoto hakutarajia kukumbatiwa, bali kupewa mkono. Kwa hiyo aliyenyoosha mkono kwa furaha ndiye aliyehesabiwa kuwa amemlaki mlezi wake. Watafiti walipima uhusiano na mama na uhusiano na omoreri kila mmoja peke yake, wakaona kwamba wa kwanza uliambatana na hali ya lishe ya mtoto, na wa pili na ukuaji wake wa akili. Moyo wa mtoto si kibaba cha unga, kwamba akimpimia yaya, wewe unapungukiwa.

Mwanao, kwa maelezo yako, hakugeuzii uso. Amekutazama na kutabasamu, na hiyo ni salamu. Kutolia alfajiri kwaweza kumaanisha tu kwamba anabaki na mtu anayemwamini. Siwezi kumpima kwa barua, wala usijaribu kuigiza kipimo hicho nyumbani kwa kutoka na kuingia. Siku yako ya mapumziko, akiumia au akishikwa na usingizi, mwangalie anavyokutafuta na kama anatulia mikononi mwako. Hilo litakueleza mengi kuliko mlango wa alfajiri.