Chagua Mwenyewe Ekseli Ikatikie Wapi

Shafti ya kwanza ya gari la rimoti (chuma chembamba cha duara kinachozungusha gurudumu) niliyoikereza kwa mikono yangu haijakatika mpaka leo. Ipo hapa mezani, imenyooka kama siku niliyoitoa kwenye mashine. Kilichokufa siku ile kwenye mawe ya Maragoli ni gia kubwa ya difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia. Meno matatu yalinyofoka kwa mpigo mmoja, mota ikabaki inalia na gari halisogei. Shafti ya kiwandani ningeibadilisha kwa dakika kumi. Gia ile niliisubiri wiki tano.

Vijana wa hapa Kisumu wanaoendesha magari ya rimoti ya kupanda mawe hunijia na ombi moja: "Fundi, nikerezee shafti isiyokatika." Nawaelewa, maana hata mimi nilianzia hapo. Lakini siku hizi sishiki chuma kabla hatujaketi tukaulizana: ikiwa shafti haitakatika, utakubali kikatike nini? Nguvu ya mota lazima iishie mahali. Ukiifungia mlango mmoja itatokea mwingine, na mlango huo wa pili mara nyingi ni gia, au nyumba ya ekseli yenyewe.

Kwa nini vipuri hivi huumia hivi, na juu ya mawe gari lenyewe halifiki hata mwendo wa mtu anayetembea? Gari la kawaida lina difu inayoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti. Gari la kupanda mawe halitaki hivyo, kwa sababu gurudumu moja likining'inia hewani nguvu yote ingelikimbilia hilo lisilo na kazi. Kwa hiyo difu hufungwa, pande zote mbili zikazunguka pamoja kama kitu kimoja. Sasa gurudumu moja likiingia kwenye ufa wa jiwe likabanwa, na mwenzake likiwa halina linapokanyaga, mzigo mzima wa ekseli unapita kwenye shafti moja nyembamba. Mota nayo imepitia gia za kupunguza mwendo mara kadhaa, kwa hiyo inapofika magurudumuni inasukuma kwa nguvu kubwa kuliko unavyodhani ukiishika mkononi. Magari yenye gia za ziada kwenye kila gurudumu, kama Traxxas TRX-4, yana nafuu hapo. Upunguzaji wa mwisho hufanyika nje kabisa, shafti ya ndani ikabeba mzigo mdogo zaidi.

Kitu cha pili cha kukitia akilini ni unene. Uwezo wa shafti kuhimili kusokotwa unafuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiipunguza kutoka milimita 5 hadi 4, umebaki na kama nusu tu ya nguvu. Ukiipandisha hadi 6, umeongeza zaidi ya theluthi mbili. Ndiyo maana nikiletewa shafti iliyokatika sianzi kuangalia chuma kizuri au kibaya. Naangalia imekatikia wapi, na karibu kila mara ni sehemu mbili tu: kwenye tundu la pini inayoshikanisha shafti na gurudumu, au pale unene unapobadilika, penye ngazi. Chuma hakikatiki katikati pasipo sababu. Hukatika mahali ambapo fundi alikipa njia.

Kwa chuma chenyewe, usihangaike kuagiza mbali. Nenda duka la boliti ununue boliti ya aleni (kichwa chenye tundu la pembe sita) ya M6, yaani ya unene wa milimita 6, ndefu, yenye sehemu laini isiyo na uzi. Ya urefu wa milimita 100 ina uzi wa milimita 24, ikakuachia 76 za chuma kisafi. Shafti ya gari langu ni 74, kwa hiyo inatosha kwa kubanana. Kichwani utaona namba. 8.8 maana yake chuma huvumilia megapaskali 800 kabla ya kukatika, na huanza kujipinda kwenye asilimia 80 ya hapo. 12.9 ni 1200, na asilimia 90. Ile shafti yangu iliyoua gia ilikuwa ya 12.9, na ilinitafunia visu viwili vya kukerezea. Sasa natumia 8.8. Inakatwa vizuri hata na kisu cha kawaida, na ikizidiwa hujisokota kwanza, ukapata onyo.

Onyo hilo unaweza kuliona kwa macho. Kabla ya kufunga shafti, chora mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kalamu ya wino mzito. Usichore kwa msumari, mkwaruzo ni mwanzo wa ufa. Baada ya siku mbili tatu za mawe, itoe uitazame. Mstari ukiwa umenyooka, irudishe. Mstari ukiwa umeanza kuzunguka kama mmea mtambaazi unaopanda mti, shafti hiyo imeshachoka hata kama bado inaonekana mpya.

Mashine yangu ni ndogo, ya kilo 40 hivi, imefungwa kwa boliti kwenye meza ya mbao nzito kwenye chumba cha nyuma. Kazi nilijifunza kwa mzee mmoja wa jua kali pale Kibuye, aliyekuwa akikereza bushi za mashine za posho na kutengeneza injini za mashua. Yeye hakuwahi kuona gari la rimoti, lakini karibu kila ninachoandika hapa kimetoka kwake.

Shafti nyembamba na ndefu hukwepa kisu. Ukiishika upande mmoja tu, ncha ya mbali inasukumwa pembeni na unapata kitu chembamba huku, kinene kule. Kwa hiyo toboa kishimo kidogo kwenye ncha, uishikilie kwa ncha ya nyuma ya mashine, na katikati upunguze kidogo kidogo. Kama inawezekana, maliza sehemu zote za beringi bila kuifungua kwenye taya, kwa sababu taya tatu hazirudishi kipande katikati ile ile mara ya pili. Kwenye ngazi, usiache kona kali ya mraba. Kiviringishe kisu ncha yake kidogo kwenye jiwe la kunolea ili kona ibaki na mkunjo laini. Mkunjo wa nusu milimita tu unatosha, ila hakikisha beringi haikalii juu yake.

Kipimo cha mwisho usikiachie vernia, kile kipimio cha kutelezesha. Vernia ya bei ya kawaida inakupeleka karibu na 5.00, haikufikishi. Beringi yenyewe ndiyo hakimu. Acha shafti ikiwa kubwa kwa kama sehemu mbili za mia za milimita, kisha shika msasa laini wenye oili huku mashine inazunguka polepole (uushike kwa vidole, usiuzungushie mkono), simamisha, futa, jaribu beringi. Rudia. Inapoingia kwa kusukuma na kidole gumba, bila kupiga wala kucheza, acha hapo hapo. Ukipitiliza, hakuna cha kurudisha.

Tundu la pini ndilo lililonifundisha uvumilivu. Unatakiwa kutoboa milimita 2 kupita katikati ya chuma cha duara cha milimita 5. Biti ikigusa mgongo wa duara inateleza, na ikiteleza hata robo milimita, upande mmoja wa tundu umebaki na ukuta mwembamba. Nilipoteza shafti nne nzuri kabla ya kutengeneza kiongozi. Nilichukua kipande cha chuma cha mraba cha milimita 12, nikatoboa tundu la 5 kwa urefu wake, kisha tundu la 2 kukatiza, nikipima kutoka pande zote mbili mpaka zilingane. Sasa naingiza shafti ndani, naibana kwa skrubu ndogo ya ubavuni, na biti inashuka ndani ya tundu lililokwisha kuwepo. Haina pa kutelezea. Tia oili, toboa kidogo, toa biti nje nyuzi za chuma zianguke, rudi tena. Kiongozi hicho kilinichukua Jumamosi nzima, na tangu hapo sijaharibu tundu.

Na pini yenyewe? Hapa ndipo mzee wa Kibuye alinifungua macho. Nilimpelekea ile gia isiyo na meno, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Mwanangu, propela ikigonga mwamba ziwani, unataka kubadilisha nini?" Baadhi ya injini ndogo za mashua zina pini laini inayoshikilia propela. Propela ikigonga jiwe pini inakatika, gia za ndani zinasalimika, na mvuvi mwenye pini ya akiba mfukoni anafika ufuo wa Dunga salama. Gari langu lilikuwa na pini ngumu, shafti ngumu na gia ya kawaida. Nilikuwa nimejenga kila kitu kiwe na nguvu kuliko gia.

Basi pini zangu sasa nazikata kutoka msumari wa milimita 2. Kwa hesabu yangu, pini hiyo hukatika mzigo ukifika kama nusu ya ule unaoipinda shafti ya 8.8. Ubaya wake ni kwamba chuma laini huanza kujikunja kabla ya kukatika, na pini iliyojikunja hulipanua tundu likawa la yai. Kwa hiyo naibadilisha kila baada ya matembezi mawili, iwe imekatika au la. Usitumie shina la biti ya zamani kama pini, hata kama linaingia barabara. Ni gumu mno, utakuwa umerudi kule kule nilikoanzia.

Gia sikerezi, na nakushauri usijaribu. Zile za difu zimekatwa kwenye umbo la pia, meno yanapungua kuelekea katikati, kisha zimetiwa ugumu. Nunua, weka moja ya akiba. Viungo vya mbele vinavyozunguka huku vikikunja kona, nunua pia.

Kitu kingine kinacholipa kukikereza nyumbani ni uzito. Brasi ina uzito kama mara tatu ya alumini kwa ukubwa ule ule, na uzito ukikaa chini kwenye ekseli, hasa ya mbele, gari linapanda bila kupinduka nyuma. Brasi nzuri inapatikana kwa wauza vyuma chakavu, kwenye koki za mabomba ya maji ya zamani. Kwaruza chini ya ile rangi ya kung'aa: ukiona manjano ni brasi, ukiona kijivu rudisha. Kisu cha brasi kiwe bapa juu, bila mteremko, vinginevyo kinajichimbia ndani na kung'oa kipande. Brasi nyingi ina risasi ndani yake, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula na watoto wasichezee mabaki yake.

Jambo moja la stima. Ikipotea katikati ya kazi, kitu cha kwanza ni kuzima swichi ya mashine, kabla ya kutafuta tochi. Mwaka jana niliacha swichi ikiwa imewashwa, nikaingiza ufunguo wa taya ili nigeuze kipande gizani, na stima ikarudi. Ufunguo uliruka ukapasua kioo cha dirisha nyuma ya sikio langu. Miwani ya kazi, mikono mifupi, na bila glavu mashine inapozunguka.

Kuhusu mahali pa kujaribia, tuna bahati kubwa upande huu. Milima ya Maragoli imejaa mawe makubwa ya matale, na kuna miamba mizuri upande wa Maseno, karibu na pale ikweta inapokata barabara ya Busia. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, mara nyingi atakaa atazame. Kit Mikayi kule Seme usipeleke gari. Lile jiwe la mke wa kwanza, kama jina lake lisemavyo kwa Kijaluo, watu hupanda kuomba, na mawe mengine yapo tele.

Jumapili iliyopita nilirudi Maragoli, kwenye ufa ule ule uliokula gia yangu. Gurudumu la kulia la nyuma likazama, nikasikia tiki moja ndogo, kama kijiti kinachovunjwa, na gurudumu likasimama huku shafti ikizunguka peke yake. Mtoto wa mwenye shamba alinishikia nati kwenye kiganja. Nikasukuma nje vipande vitatu vya msumari, nikaingiza pini mpya kutoka kwenye kopo la dawa ninalolibeba, nikakaza nati. Hata chai aliyotuletea mamake haikuwa imepoa. Gia nilipoifungua jioni nyumbani, meno yote yalikuwepo.