Uliza Fundi: Ampli la "wati 1000" kwa laki tatu na nusu, nibebe?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Nyegezi hapa Mwanza, sebule yangu ya kawaida tu kama mita nne kwa tatu na nusu, tv smati inchi 50 na king'amuzi. Nimeichoka sabufa, besi linatikisa vioo vya dirisha ila mtu akiongea kwenye muvi sisikii kasema nini, na mvua ikipiga bati ndo kabisa. Kuna jamaa hapa mjini ana risiva yuzd ya Japani, 7.1 (yaani spika saba na boksi moja la besi), anasema ina wati 1000, anataka laki tatu na nusu. Mpya niliyoiona ni Yamaha RX-V385, hiyo ni 5.1 na imeandikwa wati 70 tu halafu bei iko juu sana. Mi naona ya Japani ndo dili au unasemaje? Na spika za sabufa naweza kuziunga humo humo?

JIBU: Nzuri kaka. Kabla ya yote, ukifika dukani sema unataka ampli ya homu thieta yenye HDMI, ukisema risiva watakuletea ya dishi, mi ilishanitokea.

Haya, hiyo ya jamaa igeuze nyuma, tafuta pale waya wa umeme unapoingilia pana kamaandishi kadogo. Kama imetengenezwa kwa soko la Japani utakuta 100V. Sisi huku ni 230, kwahiyo ukichomeka ukutani tu hivi hivi unasikia "tap" moja halafu harufu, na jamaa simu hapokei tena. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo nikiwa na rimoti mkononi, hata menyu sijaiona. Za Marekani nazo ni 120V, mambo yale yale. Inabidi ununue trafo ya kushusha umeme, tena kubwa siyo ile ya kuchajia shevaa, ikae pembeni ya tv inaunguruma usiku kucha. Ongeza hiyo kwenye laki tatu na nusu yako uone kama bado ni dili. Unachotakiwa kuona pale nyuma ni 220-240V, basi.

Hapo hapo utaona na namba ya wati. Hiyo siyo ya sauti, ni umeme inaokula. Sasa kama pameandikwa 300 muulize hizo 700 zingine anazitoa ziwani au wapi. Hizi wati zina ujanja wake bwana. Hata hiyo Yamaha uliyoiona, 70 wanaipata wakipima chaneli mbili pamoja (chaneli moja ni njia ya spika moja), kuanzia besi la chini mpaka sauti nyembamba kabisa, ila wakipima chaneli moja peke yake kwa sauti moja tu wanaandika 100, na ampli ni lile lile. Halafu kutoka wati 70 kwenda 140 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linasikia kaongezeko kadogo. Kwa sebule yako 70 inatosha sana, jirani atagonga ukuta hujafika nusu.

Ila tatizo lako wala siyo wati, ni maneno kutosikika, na dawa yake ni spika ya senta, ile moja inayokaa chini ya tv. Kwenye muvi ya 5.1 maongezi karibu yote yanapita hapo, kwahiyo unaingia kwenye menyu unaipandisha senta peke yake desibeli mbili tatu, besi unaliacha lilipo. King'amuzi kikitoa sterio tu, yaani sauti ya kushoto na kulia bila senta, usijali, weka modi ya saraundi, ampli yenyewe itayavuta maneno yaje katikati.

Waya wa HDMI toa kwenye tv pale palipoandikwa ARC, peleka kwenye ampli tundu la OUT, tv itarudisha sauti kwa waya huo huo. Ampli za kabla ya 2009 hazina hiyo ARC, nyingine hazina hata HDMI, ndo maana usimwamini mtu anayekwambia "ina chaneli saba" akaishia hapo.

Spika za sabufa geuza usome omu, yaani ukinzani wake kwa umeme. Nyingi ni 4 au 3, na ampli yako inataka 6 kwenda juu, ukilazimisha itakuwa inajizima kila mkiongeza sauti. Lakini boksi la besi usilitupe! Lina ampli yake ndani, chukua waya kutoka SUBWOOFER OUT ingiza kwenye AUX ya sabufa, vile vispika vyake vidogo chomoa, tayari una sabu.

Mi ningechukua mpya ya 5.1, nianze na spika mbili za mbele na senta, za nyuma zije baadae, kwenye menyu unaiambia tu hazipo. Juu ya ampli uache nafasi ya kiganja ipumue, na wale wadudu wa ziwani wakija jioni kama moshi zima taa funga dirisha, mi nimeshafungua ampli nikakuta wamejaa ndani kama pumba. Umeme ukikatika chomoa.

SWALI: Fundi nyumba yetu Igoma haina silingibodi, ni bati tupu. Nikinunua zile spika za Atmos (mfumo wa sauti inayosikika kama inatoka juu), zinazorusha sauti darini, zitafanya kazi?

JIBU: Hapana dada. Zile zinategemea dari bapa sauti igonge irudi pale ulipokaa, bati lako limelala upande, sauti itaenda jikoni. Hiyo hela weka kwenye senta nzuri, au piga silingi kwanza.