Kabla ya kununua vihisi vya kituo cha umeme, kagua faiba

Nikiitwa kwenye kituo cha kupoza umeme kilicho mbali na mji, kwa kawaida huonyeshwa kwanza vihisi: vya joto la mafuta ya transfoma, shinikizo la SF6, gesi ya kuhami umeme, kwenye breka (swichi kubwa za kukata umeme), volti za betri. Mimi huomba kwanza nione inapopita faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba taarifa kwa mwanga. Kihisi kiwe kizuri vipi, taarifa yake isipofika chumba cha udhibiti haimsaidii mtu.

Kwenye laini nyingi za msongo mkubwa faiba ipo tayari juu ya minara, ndani ya waya wa juu kabisa unaokinga radi. Kwa Tanzania, sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano inapita humo humo kwenye laini za TANESCO. Kama ipo, itumie, na waya wa simu wa shaba achana nao. Hitilafu kubwa ikitokea, ardhi ya kituo inaweza kupanda volti maelfu, na shaba itazibeba mpaka kwa fundi aliye upande wa pili. Kioo hakipitishi umeme.

Ukiambiwa kuna njia ya pili ya akiba, ifuatilie kwa miguu. Mara nyingi nakuta ni nyuzi mbili ndani ya kebo ile ile: mnara ukianguka, zote zimekwenda. Au kebo ni mbili kweli, lakini kutoka mnara wa mwisho hadi chumba cha udhibiti zinalala mfereji mmoja, na panya akiingia humo anazitafuna zote.

Sasa usafi, na hapa nasisitiza. Kiini cha faiba ya masafa marefu kina upana wa takriban mikromita 9, mwembamba mno kuliko unywele. Chembe moja ya vumbi inatosha kuzuia mwanga. Nimeona laini ikilaumiwa, vifaa vikibadilishwa, kumbe ncha ya kiunganishi ilihitaji kufutwa tu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi. Kagua kila ncha kwa hadubini yake kabla ya kuchomeka. Usichungulie kwa jicho tupu kamwe: mwanga wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 au 1550, hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho.

Vifaa vya mawasiliano vilishwe na betri za kituo, si soketi ya ukutani. Kituo kikizimika ndipo unapozihitaji zile taarifa kuliko wakati wowote.

Jaribio la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi. Kuna mifumo ambayo mawasiliano yakikatika, skrini inaendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopokelewa, na mwendeshaji anaamini transfoma iko salama huku inachemka. Kwa hiyo siku ya makabidhiano, kwa kibali cha chumba cha udhibiti, chomoa faiba zote mbili huku mwendeshaji akiangalia. Kengele ilie na namba zibadilike rangi. Zikibaki pale pale kana kwamba ni nzima, usisaini.