Kabla ya Kubadilisha Kamshafti za Injini ya Tabo Huku Mbeya

Mwenye gari la tabo (kifaa kinachotumia moshi wa eksozi kusukuma hewa kwenye injini) anayetamani kamshafti kubwa, yaani shafti zinazofungua vali, ningemshauri kwanza apande mlima Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo, kwa sababu hapo ndipo nilipolitambua kosa langu. Nilikuwa nimefunga kamshafti za nyuzi 272 kwenye injini ya Toyota ya 1JZ-GTE, huku tabo ikiwa ileile ya kiwandani. Kwenye tambarare ya Igawa gari lilichangamka sana likivuka mizunguko 5,000 kwa dakika. Kitonga, kwa gia ya pili na mizunguko 2,500, nilikanyaga mafuta mpaka mwisho na gari likanguruma tu bila kuvuta.

Nyuzi hizo, ambazo hupimwa kwa mzunguko wa krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ndizo zinazoonyesha muda ambao vali inakaa wazi. Zikizidi, vali ya hewa na ile ya eksozi hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi. Tabo ndogo hubana njia ya eksozi, hivyo presha ya moshi huishinda presha ya hewa inayoingia, na moshi hurudi kwenye silinda. Hapa Mbeya, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani, kwa hiyo kabla tabo haijaamka injini tayari ina upungufu wake.

Nilizitoa, nikafunga za nyuzi 256, na gari likarudi kuvuta mlimani. Kwa tabo ya kiwandani sioni sababu ya kuvuka kiwango hicho.

Springi za vali zibadilishwe pamoja na kamshafti, jambo ambalo gereji ya kwanza haikuniambia. Presha ya tabo husukuma mgongo wa vali ya hewa: vali ya kipenyo cha milimita 33, kwa presha ya bar 1, hupata msukumo wa karibu kilo 9, na springi iliyochoka hushindwa kuifunga kwa wakati.

Ili kujua kama vali zitagonga pistoni, mwambie fundi abandike udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, afunge silinda hedi, azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha afungue na kupima unene uliobaki pale vali ilipokandamiza. Asiyetaka kufanya kipimo hicho asipewe injini yako. Baada ya hapo mafuta na moto wa plagi vipangwe upya kwenye kompyuta ya injini, na vipangwe hukuhuku milimani, gari likiwa na mzigo.